Sanduku la Wasomaji: Kiondo, kofia na sabuni kwenye soko la mtandaoni

Barua za toleo hili zinazunguka jambo moja: kazi ya mikono ipelekwe kwenye soko la mtandaoni, au ibaki ilipo? Tumezijibu kila moja peke yake, kwa sababu linalomfaa msusi wa Machakos linaweza kumfilisi mchonga mawe wa Kisii.

Swali: Sisi ni akina mama sita, tunasuka vyondo vya mkonge. Kiondo cha kati tunakiuza shilingi 2,500. Nyuzi na rangi ni 350, mikanda ya ngozi 450, bitana na zipu 200. Kimoja hula kama saa 30 za kusuka. Mpwa wangu anasema tujiunge na soko la mtandaoni, ati watu wa Nairobi na hata wa Ulaya watanunua. Wenzangu wanaogopa makato. Tushike lipi? *Mama msusi, Machakos*

Jibu: Mama, shikamoo. Kabla ya simu ya mpwa, fungueni daftari. Vifaa vinakula 1,000, mnabaki na 1,500 kwa saa 30, yaani shilingi 50 kwa saa. Tuseme soko linakata asilimia 15 ya bei: hizo ni 375. Mnabaki na 1,125, ambayo ni 37 na senti 50 kwa saa, na katoni bado hamjanunua. Wenzako hawaogopi bure. Ila tatizo si makato, ni bei. Hiyo 2,500 ni bei ya mtu aliyekuja mwenyewe hadi mlipoketi, akachagua kwa mkono wake na kubeba mwenyewe.

Pangeni bei upya kuanzia chini. Kama mnataka 60 kwa saa, kazi ni 1,800. Ongeza vifaa 1,000 na ufungaji 150: jumla 2,950. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Huchukua 2,950 wakaongeza asilimia 15, wakapata 3,392, wakadhani wamefidia makato. Soko halikati asilimia 15 ya 2,950, linakata ya 3,392, na hiyo ni 509. Mkononi zinabaki 2,883, kwa hiyo shilingi 67 zimepotea kila kiondo. Njia sahihi ni kugawanya: 2,950 kwa 0.85, inatoka 3,471. Andikeni 3,500. Kama soko lenu linakata asilimia 10, gawanyeni kwa 0.90, likikata 20, kwa 0.80.

Mtaona vyondo vya 1,800 pembeni ya chenu. Msishindane navyo kwa bei. Vingi ni vya uzi wa dukani au wa plastiki, vinavyosukwa haraka kuliko mkonge uliosokotwa. Pigeni picha ya kitako cha kiondo kwa karibu sana, pale msuko unapoanzia na nyuzi zinapopishana, kisha picha ya mkono ukisokota mkonge. Mnunuzi anayejua ataona tofauti, na asiyejua hata 2,500 angelalamika.

Jambo la pili ni usafirishaji, nalo ndilo huua biashara ya vyondo vinavyokwenda mbali. Kampuni kubwa za vifurushi kwa ndege hazitozi kwa mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakagawanya kwa 5,000, na ikiwa jibu linazidi kilo za mizani, unalipia jibu. Kiondo kilichosimama kwenye boksi la 32 kwa 32 kwa 32 kinahesabiwa kilo 6.55, ingawa mizani inasema gramu 700. Kilaze bapa, mikanda ikiingizwa ndani, kwenye boksi la 40 kwa 34 kwa 8: kilo 2.18. Vitatu vikilala pamoja kwenye kimo cha 14 ni kilo 3.8, yaani chini ya kilo 1.3 kila kimoja. Kwa hiyo tangazo la wateja wa mbali liwe la vitatu kwa mkupuo. Mkonge unavumilia kulazwa. Mteja akishakipokea akinyunyizie maji kidogo, akijaze taulo, akiache usiku mmoja, kitarudi umbo lake. Hayo yaandikwe kwenye kikaratasi ndani ya boksi, maana asipoambiwa atadhani mmemtumia kiondo kilichokanyagwa.

Kitu kingine cha kuangalia ni ukungu. Kiondo kilichotiwa rangi kikifungwa kwenye nailoni kabla hakijakauka kabisa hutoka madoa meusi njiani. Kikaushwe kivulini siku tatu nne, kifungwe kwa karatasi, nailoni iwe ya nje tu.

Kuhusu Ulaya, mwambieni mpwa apunguze mwendo. Tangu tarehe 13 Desemba 2024, bidhaa nyingi za kawaida zinazouzwa kwa mtu aliye katika Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziwe na mhusika aliyeko huko huko, yaani mtu au kampuni ya kuwajibikia bidhaa hiyo, jina lake na anwani yake vikionekana kwenye tangazo na kwenye bidhaa au kifurushi. Kikundi cha watu sita hakiwezi kubeba hilo peke yake. Ni kazi ya mnunuzi wa jumla mwenye kampuni kule. Marekani nako, ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa tarehe 29 Agosti 2025. Mkimtumia mteja wa huko, ulizeni kampuni ya vifurushi swali hili kwa maneno haya haya: ushuru analipa nani, mimi hapa au yeye mlangoni? Mteja anayedaiwa pesa asizozitarajia hukataa mzigo, na mzigo hurudi kwa gharama yenu au hauonekani tena.

Kwa hali yenu tungeanza hivi. Chagueni mitindo mitatu tu ambayo wote sita mnaweza kuisuka sawasawa, tofauti ya kimo isizidi sentimita moja. Rangi zipimwe kwa kijiko na maji kwa lita, na kipande cha uzi cha kila rangi kibandikwe kwenye daftari, kwa sababu malalamiko ya kwanza ya wateja wa mtandaoni huwa ni kwamba rangi si ile ya kwenye picha. Wekeni akiba ya vyondo kumi tayari. Kisha fungueni katalogi ya WhatsApp Business, ambayo haina makato, muuze Nairobi kwa miezi mitatu kwa vifurushi vya matatu au basi. Kama 3,500 inalipwa bila ugomvi, hapo jiungeni na soko lenye makato. Kama hailipwi kwenye WhatsApp, haitalipwa kwingine.

Swali: Naishi Minneapolis, nashona mikoba ya kanga. Nauza kanisani na msikitini kwenye bazaa, sasa nafikiria Etsy, lile soko la mtandaoni la kazi za mikono. Nimesikia wanakata "kidogo tu". Pia shangazi yangu Tanga ananitumia vikapu vya ukili vizuri sana. Naweza kuviweka dukani humo humo? *Binti wa Tanga, Marekani*

Jibu: Dada, hiyo "kidogo tu" tuihesabu. Chukua mkoba wa dola 36, na mteja umemtoza dola 6 za kutuma: jumla 42. Kuweka tangazo ni senti 20, nalo hudumu miezi minne, uuze usiuze. Ukiuza, Etsy inachukua asilimia 6.5 ya jumla yote, ile pesa ya kutuma ikiwemo: dola 2.73. Kisha ada ya kupokea malipo, ambayo kwa duka la Marekani ni asilimia 3 na senti 25: dola 1.51. Makato yote ni 4.44, na yatazidi kidogo kwa sababu ile asilimia 3 hukatwa hata juu ya kodi ya mauzo ya jimbo. Toa dola 6 za posta, zinabaki 31.56. Humo ndimo mna kanga, bitana, zipu, uzi na saa zako.

Kuna mtego mmoja ambao wageni hawauoni hadi umewanasa. Etsy hutangaza bidhaa zako yenyewe nje, kwenye Google na mitandao ya kijamii. Mtu akibofya tangazo hilo kisha akanunua kwako ndani ya siku 30, unakatwa asilimia 15 zaidi. Kwa mkoba wako ni dola 6.30, na zile 31.56 zinakuwa 25.26. Duka lenye mauzo ya chini ya dola 10,000 kwa miezi 12 linaweza kuzima matangazo hayo kwenye mipangilio. Ukishavuka hapo ada hushuka hadi asilimia 12, lakini huwezi tena kuyazima. Sisi tungeyazima mwezi wa kwanza, hadi ujue mkoba wako unabeba bei gani. Vilevile usipange kodi ya nyumba kwa mauzo ya mwanzo: duka jipya linaweza kuzuiliwa sehemu ya fedha kwa muda, hadi mizigo ionekane imefika.

Sasa mkoba wenyewe. Unachouza ni zaidi ya kitambaa. Kanga ina jina. Ukikata hovyo, jina linaishia nusu kwenye mshono na nusu kwenye takataka. Laza kanga mezani, weka jina katikati ya uso wa mbele, pindo liwe chini, mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, ubaki kwa mgongo na mfuko wa ndani. Kwenye maelezo ya tangazo andika jina hilo kwa Kiswahili, kisha maana yake kwa Kiingereza, na mtu wa namna gani angepewa zawadi yenye neno hilo. Mteja wa huko hana namna nyingine ya kujua kuwa mkoba wake unasema kitu. Na wewe uwe mwangalifu: majina mengine ya kanga ni ya vijembe, usimuuzie mtu mkoba wa kumsuta mke mwenza kama zawadi ya harusi.

Kanga mpya huchuja na hurudi. Iloweke, ifue, ianike, ipige pasi, ndipo ukate. Ni pamba nyepesi, kwa hiyo ibandike kwa pasi kitambaa cha kukazia, ama sivyo mkoba utalegea kama mfuko wa mkate baada ya wiki mbili na nyota unazopewa na wateja zitashuka.

Kichwa cha tangazo kina nafasi ya herufi 140, na kuna maneno ya utafutaji 13, kila moja lisizidi herufi 20. Yatumie yote 13. Usirudie "kanga" mara sita. Weka anachoandika mtu asiyejua kanga ni nini, kama vile aina ya mkoba, pamba, Afrika Mashariki, zawadi ya mama. Neno "kanga" liwemo mara moja kwa ajili ya wenzetu.

Vikapu vya shangazi, hapana. Sehemu ya kazi za mikono pale Etsy ni ya vitu ulivyovitengeneza au kuvibuni wewe. Kununua vilivyotengenezwa na mtu mwingine na kuviuza tena ni kosa la kufungiwa duka, hata kama aliyevisuka ni damu yako. Ukichora wewe umbo la kikapu, vipimo na rangi, naye akakisukia duka lako, hiyo inakubalika, ila lazima umtaje kama mshirika wa uzalishaji. Usipofanya hivyo, vikapu vya shangazi uviuze kwenye bazaa.

Kuna anayesoma hili akiwa Dar es Salaam au Kisumu na kuuliza kwa nini yeye hawezi. Etsy hufungua maduka mapya kwa nchi zilizomo kwenye orodha yake ya malipo tu. Orodha hiyo imekuwa na nchi chache sana za Afrika, Afrika Kusini na Moroko zikiwemo. Iangalie kabla ya kupiga picha hata moja. Usifungue duka kwa anwani ya rafiki aliye ughaibuni. Siku watakapoomba kitambulisho na taarifa ya benki, duka litafungwa na fedha zilizomo zitakwama.

Swali: Nina mtaji wa shilingi 40,000. Nataka kununua vinyago vya mawe Tabaka, Kisii, niviuze kwenye soko la mtandaoni hapa Nairobi. Ni kweli vinavunjika? *Kijana, Kayole*

Jibu: Vinavunjika, na daima ni masikio ya tembo na miguu ya twiga. Kwa hiyo nunua maumbo yasiyo na ncha: viboko waliojikunja, mabakuli, vishikio vya mishumaa, sahani za mapambo, watu waliokumbatiana kwa jiwe moja. Twiga mwachie mteja anayefika kuchukua mwenyewe.

Jiwe la Kisii ni zito, kwa hiyo hapa adui ni mizani, si ukubwa kama kwa vyondo. Kitu kisichozidi kilo moja na nusu ndicho kinacholipa kutumwa. Funga hivi: karatasi ya gazeti kwanza ili lisikwaruze, kisha nailoni ya mapovu mizunguko mitatu, kila sehemu nyembamba ikiwa imejazwa karatasi pembeni yake kabla ya kuzungushiwa. Ingiza kwenye boksi dogo. Boksi dogo liingie kwenye boksi kubwa lenye nafasi ya sentimita tano kila upande, ijazwe karatasi iliyofinywa. Tikisa. Ukisikia chochote kinacheza, fungua uanze upya. Kisha jaribu kimoja kwa kukidondosha kutoka usawa wa kiuno, mara moja kwa kila kona. Ni afadhali uvunje kimoja cha shilingi 400 nyumbani kwako kuliko kumi kwa wateja.

Usimalize elfu 40 Tabaka. Tumia 15,000 kwa vinyago, weka 5,000 ya maboksi na nailoni, na zinazobaki ziwe za kungoja. Masoko mengi ya mtandaoni hulipa kwa mzunguko, si papo hapo, na mahali ambapo mteja hulipa anapopokea, sehemu ya mizigo hurudi kwa sababu mtu hakupokea simu au amebadili nia. Mtu asiye na akiba hufunga duka wiki ileile biashara ilipokuwa inaanza kutembea.

Swali: Mama yangu anashona kofia za mkono Unguja. Moja humchukua miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Dukani zimejaa kofia za mashine za bei chee. Kuna faida ya kumfungulia duka mtandaoni? *Mwanawe, Mjini Magharibi*

Jibu: Soko la mtandaoni la kawaida, hapana. Masoko hayo yanampenda muuzaji anayetuma ndani ya siku mbili tatu na mwenye vitu vingi vya namna moja. Mama anatoa kofia tano sita kwa mwaka, na kila moja ina mwenyewe kabla haijaisha.

Wateja wake wapo, na wengi wako Oman, ambako kofia ya namna hii huitwa kumma na bado huvaliwa kila siku. Huko kuna ndugu na jamaa wanaosoma Kiswahili na wanaojua kazi ya mkono wakiiona. Kinachohitajika ni picha na utaratibu wa oda, si duka.

Picha ziwe tatu. Ya kwanza kofia imekaa, upande. Ya pili kutoka juu. Ya tatu ndiyo inayouza: geuza kofia ndani nje, isogeze dirishani saa tatu asubuhi bila mwanga wa simu, piga vile vitobo kwa karibu. Kwenye kazi ya mkono kila kitobo kimezungushiwa uzi wake na hakilingani na mwenziwe kwa unywele. Kwenye ya mashine vyote ni pacha, na uzi wa chini unapita moja kwa moja kutoka kitobo hadi kitobo. Mnunuzi wa Maskati akiiona picha hiyo hahitaji maelezo mengine.

Oda iende hivi: mteja atume kipimo cha mzunguko wa kichwa kwa sentimita, futi ikipita juu kidogo ya masikio, na kimo anachotaka. Achague ua kwenye picha tano za maua ambayo mama anayajua. Asiruhusiwe kuleta ua la kuokota mtandaoni, maana huenda ni la fundi mwingine. Atoe nusu ya bei kabla ya sindano ya kwanza. Kila wiki tatu atumiwe picha ya ilipofikia. Kitambaa kifuliwe kabla ya kuchorwa, kwa sababu kofia ikirudi sentimita moja baada ya kufuliwa na kutiwa wanga, haimwingii tena mwenyewe.

Bei usiipange kwa kuangalia ya mashine. Hesabu siku, si vifaa.

Swali: Kikundi chetu cha wakulima wa mwani kinatengeneza sabuni. Watalii wanaipenda, wanatuambia tuiuze Ulaya kwa mtandao. Tuanzie wapi? *Akina mama, Unguja Kusini*

Jibu: Muanzie kwa hao hao watalii. Sabuni ndiyo bidhaa ya mkono yenye sheria nyingi kuliko zote kwenye ukurasa huu. Umoja wa Ulaya unaihesabu kama kipodozi: kila mapishi yanatakiwa yawe na ripoti ya usalama iliyosainiwa na mtaalamu mwenye sifa, mhusika aliyeko ndani ya Umoja, na taarifa iingizwe kwenye mfumo wao kabla ya kipande cha kwanza kuuzwa. Mapishi manne ni ripoti nne. Marekani ni nafuu kidogo, sabuni halisi inayodai kusafisha tu haihesabiwi kuwa kipodozi. Lakini mkiandika "huondoa chunusi" au "hutibu fangasi", mmeigeuza kuwa dawa, na hilo ni balaa jingine kabisa. Andikeni kilichomo na kwamba inasafisha. Basi.

Kwa soko la nyumbani, fuatilieni usajili kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Mkivuka kwenda Bara, vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019. Masoko ya mtandaoni yanayojiheshimu yatawaomba karatasi hizo.

Sabuni iliyopikwa kwa njia baridi, kostiki soda na mafuta, ikae rafuni wiki nne hadi sita. Ikiuzwa kabla, ni laini, inayeyuka haraka na inaweza kuwasha ngozi. Tena hupungua uzito maji yanapotoka: kipande kilichokatwa gramu 110 kinaweza kubaki 100. Lebo iandikwe uzito wa baada ya kukaa. Msiifunge kwenye nailoni ikiwa mbichi, hutoka jasho. Karatasi au kitambaa cha ukili kinatosha. Kila mpiko uwe na namba na tarehe kwenye lebo na kwenye daftari, ili mtu akilalamika mjue ni mpiko upi, msilazimike kurudisha sabuni zote.

Njia inayofaa sasa ni hoteli na maduka ya zawadi kwa jumla, vipande 50 kwa mara moja, na ukurasa wa Instagram wenye namba ya simu ili mtalii aliyerudi kwao amwelekeze rafiki anayekuja likizo.

Swali: Nachonga mpingo Mwenge, Dar es Salaam. Mteja wa nje kaniambia mpingo hauruhusiwi kusafirishwa. Ni kweli? *Mchongaji*

Jibu: Si kweli yote. Mpingo umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, pamoja na karibu jamii yake yote. Lakini tangu Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja hazihitaji kibali cha CITES. Gogo, ubao na kipande ambacho hakijakamilika havimo kwenye msamaha huo. Vibali vya hapa nyumbani ni habari nyingine: pitia ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mzigo wako na risiti ya ulikonunua gogo. Risiti hiyo itunze hata kama hujaulizwa. Kwenye ankara andika jina la kitaalamu, *Dalbergia melanoxylon*, uzito wa mbao, na maneno "kinyago kilichokamilika". Ukiandika "mapambo" tu, mtu wa forodha atajaza mwenyewe anachokifikiria.

Pia mwambie mteja ukweli kuhusu nyufa. Mpingo uliozoea hewa ya Dar ukiingia nyumba yenye joto la mashine wakati wa baridi hupasuka kwenye kitako, pale nyuzi za mti zilipokatwa. Paka nta kitako na kila sehemu iliyokatwa kukingama nyuzi, mara mbili, wiki moja kabla ya kutuma, na umwonye asikiweke karibu na kipasha joto. Gogo lililokaa kivulini miaka miwili halisumbui kama lililochongwa bichi.

Swali: Nimeuza mkufu wa shanga kwa mtu wa mtandaoni. Kanitumia ujumbe wa M-PESA, nikampa bodaboda mzigo, kumbe pesa haikuingia. Nifanyeje siku nyingine? *Dada wa shanga, Kajiado*

Jibu: Ujumbe si pesa. Angalia salio lako kwenye menyu ya simu, usitazame maandishi aliyokutumia, wala picha ya skrini, wala ujumbe uliotoka kwenye namba ya kawaida huku umeandikwa kama wa M-PESA. Ujumbe wa kweli huja kwa jina MPESA na unaonyesha salio jipya. Linganisha salio hilo na la kabla yake. Bodaboda asiwashe pikipiki hadi umeliona. Mnunuzi akikuharakisha kwamba "mgonjwa anasubiri" au "ndege inaondoka", mzigo urudi ndani.

Na picha za mkufu huo zitoe kwenye ukurasa ukishauza, au uziandike "imeuzwa". Watu wawili wakilipia kitu kimoja, utamrudishia mmoja pesa, na ada ya kutuma utailipa wewe.